Meza ya Meneja: dakika 20 za bodi, umeme uliokatika na sarafu kumi

Mwaka wa fedha wa serikali na wa kampuni nyingi hapa Uganda hufungwa 30 Juni, na mfuko wetu wa barua huanza kuvimba mapema. Karibu kila anayetuandikia anatakiwa kusimama mbele ya watu: bodi, wafanyakazi, wanachama wa SACCO. Tumejibu barua sita. Hesabu za pesa zilizomo kwenye majibu ni za mfano.

Ndugu wahariri, nimepewa dakika 20 mbele ya bodi kuomba pesa za mashine. Nimeandaa slaidi 46 na bado naona hazitoshi. Mwaka jana nilifika slaidi ya 19, mwenyekiti akanishukuru, nikaketi. Nipunguze zipi?
*Meneja wa uzalishaji, Jinja*

Usianze kwa kupunguza. Funga kompyuta, chukua karatasi, uandike sentensi moja inayosema unataka bodi iamue nini, kwa pesa ngapi, kabla ya lini, na kwa nini. Mfano: "Naomba bodi iidhinishe shilingi milioni 84 za mashine ya pili ya kufunga vizibo kabla ya 30 Juni, kwa sababu iliyopo inasimama saa 11 kila wiki, na kila saa inaposimama tunapoteza shilingi laki 4." Ukishindwa kuiandika, ujue ombi lenyewe halijaiva, na slaidi 46 zilikuwa zinakuficha usilione hilo.

Sentensi hiyo ndiyo slaidi ya kwanza. Mameneja wengi huiweka mwisho, baada ya historia ya kiwanda, mchoro wa idara na picha ya mashine ilipokuwa mpya. Mwenyekiti akikukatiza kwenye slaidi ya 19, bodi haijasikia unaomba nini, kwa hiyo haina la kuamua. Ombi likitangulia, hata ukikatizwa dakika ya tatu limeshaingia kwenye kumbukumbu za mkutano.

Slaidi ya pili ni hasara. Saa 11 mara laki 4 ni shilingi milioni 4.4 kwa wiki. Onyesha saa hizo zimetoka wapi: daftari la zamu la wiki nane zilizopita, wala si makisio ya kichwani.

Ya tatu ni gharama nzima: bei ya mashine, usafirishaji, kuifunga, mafunzo ya waendeshaji, vipuri vya mwaka wa kwanza, na ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kama inatozwa. Hata kama mtaidai URA (mamlaka ya mapato) baadaye, pesa inatoka mfukoni kwanza. Maombi mengi hufia hapa. Mkuu wa fedha akigundua kwamba milioni 84 ni bei ya muuzaji peke yake, hataiamini namba yako nyingine yoyote siku hiyo.

Ya nne ni muda wa pesa kurudi. Milioni 84 ukigawa kwa 4.4 unapata wiki 19. Lakini hiyo ni iwapo mashine mpya itaondoa kusimama kote, na kila mjumbe aliyewahi kununua mashine anajua haiwi hivyo. Weka hesabu ya pili pembeni: ikipunguza nusu tu, ni wiki 38. Ukiileta mwenyewe, unaonekana mtu makini. Ukisubiri mjumbe aikokotoe mezani, unaonekana ulitaka kuwapitishia kitu.

Ya tano, taja njia nyingine ulizozipima (kukarabati iliyopo, kukodi) na sababu ya kuziacha. Ya sita, nini kitatokea wasipoamua mwezi huu. Ya saba ni ombi tena, neno kwa neno kama lilivyokuwa mwanzo, ili katibu alinakili bila kubahatisha.

Zile 39 zilizobaki usizitupe. Zipange baada ya slaidi ya saba kama viambatisho, kila moja na namba yake. Faida yake tutaieleza kwenye jibu linalofuata.

Tukirudi kwenye muda, dakika 20 za bodi hazijawahi kuwa 20. Kuna sala ya kufungua, kuna kumbukumbu za mkutano uliopita, kuna mjumbe aliyekwama kwenye foleni. Jiandae kwa 12, na ujue mapema utakachosema ukiambiwa "tafadhali, dakika tano": slaidi ya kwanza, ya pili na ya saba, basi. Na kama mwenyekiti ameshawatambua wakubwa mmoja mmoja, usiipitie orodha upya. "Itifaki imezingatiwa" inatosha. Tumewaona watu wakitumia dakika nne kuwasalimia watu walewale waliowasalimia mlangoni.

Kuhusu slaidi zenyewe tuna mambo mawili tu. Kichwa cha slaidi kiwe sentensi yenye habari: "Mashine inasimama saa 11 kwa wiki", siyo "Hali ya mashine". Na usiwasomee kilichoandikwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Mjumbe husoma haraka kuliko wewe unavyotamka, kisha anakaa anakusubiri, na akikusubiri anachukua simu. Herufi zisipungue pointi 24. Mtu wa kiti cha nyuma asiwe mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha ukutani: picha ya kimo cha mita moja na nusu, kiti cha mwisho mita tisa. Akizidi hapo, jedwali lako kwake ni mapambo.

Kwenye kamati yetu kuna mzee ambaye huuliza swali kabla sijamaliza slaidi ya pili, na kila mara ni jambo lililopo slaidi ya kumi. Nikisema "nitafika huko, mzee" anakasirika. Nikimjibu, napoteza mtiririko. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?
*Meneja wa tawi, Mbarara*

Mjibu palepale, kwa sentensi moja yenye namba, kisha muulize kama aone maelezo sasa au baadaye. "Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ni asilimia 6, mzee. Nikuonyeshe jedwali sasa, au tulikute mbele?" Mara nyingi atasema endelea, kwa kuwa ameshapata alichotaka. "Nitafika huko" inamkera kwa sababu inamwambia kwamba mpangilio wako ni mkubwa kuliko swali lake.

Akisema nionyeshe, usirudi nyuma na mbele ukizipitia slaidi zote huku watu wanatazama. Kwenye PowerPoint, ukiwa katika onyesho, andika namba ya slaidi kisha bonyeza Enter. Inafunguka mara moja. Andika 10, Enter. Ukimaliza, andika 2, Enter. Ndiyo sababu tumesema viambatisho viwe na namba: chapisha orodha yake kwenye karatasi ndogo uiweke mezani. Na ukitaka watu wakutazame wewe badala ya ukuta, bonyeza herufi B. Picha inazimika hadi uibonyeze tena.

Usipokuwa na jibu, usilitunge. Sema hivi: "Takwimu hiyo sina hapa. Nitaileta kwa katibu kesho kabla ya saa sita mchana." Iandike mbele yao, na uilete kweli. Namba ya kubuni hudumu hadi mkaguzi afike.

Lakini dawa ya mzee huyu ipo nje ya ukumbi. Nenda umwone siku mbili tatu kabla, na ukurasa mmoja mkononi, umwombe ushauri. Maswali yake atayauliza hapo, akiwa na chai, na mawili kati yake yatakuwa bora kuliko yale uliyojiandaa nayo. Mkutanoni sema, "mzee amenishauri tuangalie pia..." kama ni kweli. Mpitie na mkuu wa fedha vilevile. Ombi ambalo mkuu wa fedha analiona kwa mara ya kwanza ukumbini litapingwa hata likiwa zuri, kwa kuwa kazi yake ni kulipinga jambo asilolikagua.

Mauzo yameshuka na mkurugenzi ameniambia "yaweke vizuri". Nimejaribu grafu kadhaa. Je, kuna namna ya kuonyesha ushukaji usionekane mkubwa, bila kusema uongo?
*Meneja wa mauzo, Kampala*

Ipo, na tunakusihi usiitumie. Tueleze inavyofanya kazi, maana huenda na wewe unafanyiwa na wengine.

Tuseme mauzo yalikuwa katoni 520 na sasa ni 480. Yameshuka kwa 40, yaani karibu asilimia 8. Kwenye grafu ya pau inayoanzia sifuri, pau ya pili inapungua kidogo, kama ilivyo kweli. Ukiianzisha 460, pau ya kwanza inabaki na kimo cha 60 na ya pili 20, na jicho linaona mauzo yamebaki theluthi moja. Hilo hufanywa na wanaotaka kutisha. Wanaotaka kuficha hufanya kinyume: wanaupandisha mhimili hadi 5,000, na pau zote mbili zinakuwa vijiti sawa chini ya ukurasa. Kwa pau, anza sifuri, na juu ishie karibu na pau ndefu kuliko zote. Grafu ya mstari inaruhusiwa kuanzia juu ya sifuri, mradi namba za pembeni zisomeke. Chati duara iache kabisa ikiwa vipande vimezidi vinne. Hakuna anayeweza kutofautisha asilimia 17 na 21 kwa macho.

Habari mbaya isemwe ndani ya dakika ya kwanza: imeshuka kiasi gani, tangu lini. Kisha tenga sababu mafungu mawili, zilizo mikononi mwenu na zisizo mikononi mwenu, kila moja na idadi ya katoni zake. "Hali ya soko" si sababu, ni uvivu. "Duka kubwa moja limeacha kuagiza tangu Machi, katoni 25, gari la Mbale lilikuwa gereji wiki mbili, katoni 9, zilizobaki 6 hatujazijua" ni sababu, na ile sehemu ya "hatujazijua" ndiyo inayofanya sehemu nyingine ziaminike. Malizia na hatua: nani, nini, tarehe gani.

Habari iliyofichwa ndani ya slaidi ina gharama. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirudi duniani Februari 2003, watu wote saba wakafa. Ripoti ya wachunguzi iliyotoka Agosti mwaka huohuo iliichambua slaidi moja ya wahandisi iliyoonyeshwa chombo kikiwa bado angani: kichwa chake kilituliza, na hatari yenyewe ilikuwa imezikwa kwenye vijisentensi vya chini kwa herufi ndogo. Wachunguzi walisema ni rahisi kuona jinsi mkubwa angeisoma asitambue kwamba maisha ya watu yamo hatarini. Katoni si roho za watu, lakini kosa ni lilelile. Mwonyeshe mkurugenzi wako rasimu mbili, yake na hii, na umuulize ipi angependa kusomewa na mkaguzi.

Jambo moja dogo linalowaumbua wengi: majedwali yaliyotoka uhasibu huandikwa kwa maelfu ya shilingi. Meneja anasoma "84,000" kama elfu themanini na nne, kumbe ni milioni 84. Kabla ya kubandika, yageuze kuwa milioni.

Mara mbili sasa umeme umekatika nikiwa katikati. Jenereta ipo, lakini projekta ikawa haiwaki haraka, watu wakaanza kuongea. Ninunue nini?
*Msimamizi wa mradi, Gulu*

Nunua kidogo, panga zaidi. Kompyuta ndogo ina betri yake, kwa hiyo kinachokufa ni projekta. Projekta ya taa ya kawaida hula takriban wati 200 hadi 350. UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme) ndogo ya VA 650 itaishikilia dakika chache tu, na hizo ndizo unazohitaji: jenereta iwashwe, mtu abadilishe swichi, wewe unaendelea. Usiichomeke spika kubwa wala birika la chai kwenye UPS hiyohiyo. Itazima papo hapo.

Bila UPS, inachelewa kwa sababu ya joto. Taa iliyozimwa ghafla inabaki ya moto, feni haikupata nafasi ya kuipoza, na projekta nyingi hukataa kuwaka hadi ipoe. Kuibonyezabonyeza hakusaidii. Za LED au leza huwaka upesi zaidi, ila bei yake iko juu. Ukumbini wenye mwanga, tafuta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 kwenda juu. Chini ya hapo utalazimika kufunga mapazia, na kwa joto la Machi huko kwenu utawalaza watu.

Siku moja kabla, nenda na kompyuta yako mwenyewe kwenye chumba hichohicho. Angalia tundu: projekta za zamani zina VGA, kompyuta mpya zina HDMI au USB-C pekee, na adapta haipatikani dakika ya mwisho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague kurudufu skrini. Beba kebo ya mita kumi, ekstensheni yenye pini tatu, na faili ya PDF kwenye flashi, kwa sababu PDF haipotezi herufi wala haivurugi jedwali kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Kisha chapisha ukurasa mmoja wenye ombi, grafu moja na jedwali moja, nakala kwa kila mtu. Gawa ukurasa huo pale umeme unapokatika. Ukiugawa mwanzoni, wataanza kuusoma ukiwa bado unasalimia.

Kiwandani nina watu 140: Waganda, Wasoga, Waacholi, Walugbara, na Wakenya kadhaa. Nikieleza matokeo ya mwaka kwa Kiingereza, nusu wanapotea. Na mwaka jana niliposema tumepata bilioni 2, siku ya pili wote wakadai nyongeza.
*Meneja mkuu, Namanve*

Una matatizo mawili. La pili ndilo zito. Ulisema "tumepata". Kwako yalikuwa mauzo, kwao ilikuwa faida. Kiswahili kina maneno mawili, mapato na faida, lakini "kupata" huyameza yote.

Chukua sarafu kumi za shilingi 100, umwite mfanyakazi mmoja mbele. "Tukiuza kitu cha shilingi 1,000, hizi ndizo tunazopokea." Sarafu sita ziende kwenye malighafi, mbili mishahara, moja umeme, usafiri na kodi. Mkononi inabaki moja. Tumia mgawanyo wenu halisi, uukadirie kwa sarafu nzima. Halafu, na hapa usikwepe, waambie hiyo moja inakwenda wapi. Usiposema, watasema wenyewe.

Kuhusu lugha: Kiswahili kiliwekwa kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na kwa kundi lako ndicho kinachomwunganisha Mlugbara na Mkenya. Lakini usidhani kila Msoga anakifuata. Tumia Kiswahili chepesi na mkalimani wa Kiluganda. Mpe ukurasa wako siku iliyotangulia, mkubaliane maneno kumi magumu, na useme sentensi mbili tu kabla ya kunyamaza. Ukimwaga tano atatafsiri mbili. Hotuba ya dakika kumi itakuwa ishirini, basi iandike iwe ya dakika saba. Namba zote ziandike kwenye bango kitita kwa makapeni nyeusi, kwa sababu namba ndizo hupotea njiani wakati wa kutafsiri.

Angalia saa pia. Ukiandika "mkutano 9:00", wapo watakaosoma saa tisa alasiri. Andika "saa tatu asubuhi (9:00)". Na mashine zizimwe kabisa. Kuongea juu ya mashine kunakuchosha wewe na hakumfikii aliye nyuma.

Natetemeka. Karatasi inatikisika mkononi na wote wanaona. Halafu mkutano mkuu wetu wa SACCO utakuwa chini ya hema, na sehemu nyingine ya watu ndani ya ukumbi wa bati. Naombeni msaada kwa yote mawili.
*Meneja wa SACCO, Masaka*

Weka karatasi chini. Karatasi nzima hukuza mtetemo. Kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja haitikisiki. Kariri sentensi mbili za kwanza na moja ya mwisho, basi, maana ukikariri zote ukisahau moja umesahau zilizofuata. Fika dakika 45 kabla, ongea na wanachama watatu wanne wa mstari wa mbele ili wasiwe wageni ukisimama. Pumua nje polepole kuliko unavyovuta ndani. Fanya mazoezi kwa sauti ukiwa umesimama, mara tatu, na saa mbele yako. Kusoma kimya kitandani hakuhesabiki.

Kuhusu hema, acha projekta nyumbani. Mwanga wa mchana utaimeza hata iwe na nguvu gani. Andika namba tano kwenye karatasi kubwa, kimo cha tarakimu sentimita kumi: akiba, mikopo iliyotolewa, iliyochelewa, ziada, gawio. Spika ziwe mbele yako zikielekea watu. Zikiwa nyuma yako maiki itapiga mluzi. Ishike karibu na mdomo, kama upana wa kiganja, usiipige kidole kuijaribu.

Na mvua ikianza kwenye lile bati, usishindane nayo. Mwombe mwenyekiti asitishe, wagawie watu ukurasa wa hesabu wausome mvua ikinyesha, ukusanye maswali kwa maandishi. Ikipungua, anza na maswali hayo badala ya kurudia hotuba, ukihakikisha kura ya gawio inapigwa wakati kila mtu anasikia, waliomo ndani na walio chini ya hema.